Zorki-4 ya urithi: koki kwanza, kasi baadaye

Swali la msomaji wa Tanga: "Marehemu baba yangu mdogo alisoma Moscow miaka ya sitini, akarudi nyumbani na kamera ya Zorki-4 yenye lenzi ya Jupiter-8. Imekaa kabatini miaka mingi ndani ya mfuko wake wa ngozi. Majuzi niliitoa nikazungusha gurudumu la kasi ili nione kama bado linafanya kazi. Rafiki yangu mpiga picha akaniambia kwamba kuzungusha gurudumu hilo kabla ya kuvuta mkanda ndiko kunakoua kamera za Kisovieti. Je, nimeiharibu? Na kama bado ni nzima, nitapimaje mwanga wakati kamera yenyewe haina kipimo wala betri?"

Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa, yaelekea sana kwamba hukuiharibu, ingawa onyo la rafiki yako lina msingi na ni vyema ulielewe badala ya kuliogopa tu. Ndani ya Zorki-4 mna mapazia mawili ya kitambaa kilichopakwa mpira, ambayo hukimbia kwa mlalo mbele ya mkanda: la kwanza hufungua njia ya mwanga, la pili hulifuata na kuifunga, na katika kasi kubwa upana wa mwanya ulio kati yao ndio unaoamua mkanda utapata mwanga kwa muda gani. Gurudumu la kasi limeunganishwa na mtambo huohuo, kwa hiyo huzunguka unapovuta mkanda na huzunguka tena kurudi unapofyatua. Ndiyo sababu alama ya kasi haisomeki kwa uhakika mpaka shata (yaani mapazia hayo na mtambo wake) iwe imekokiwa, yaani imevutwa tayari kufyatuliwa. Mtu akilinyanyua gurudumu na kulizungusha kabla ya kukoki, pini yake haiko mahali inapotakiwa kuwa, na akitumia nguvu inaweza kugonga sehemu za mtambo wa kasi ndogo, ikapinda au ikakwama.

Neno la kuzingatia hapo ni nguvu. Ikiwa ulipolizungusha hukusikia kitu kikikataa, fanya hivi. Vuta gurudumu la mkanda polepole mpaka likome lenyewe. Hapo shata imekokiwa. Nyanyua gurudumu la kasi, lizungushe mpaka alama ikabili 125 (au 100, kwa kuwa kamera za miaka ya mwanzo zina mpangilio wa namba za zamani), liachie lishuke mahali pake, kisha fyatua. Ukisikia mlio mfupi, mkavu, na gurudumu likazunguka bila kusita, umenusurika. Kama mkanda unakataa kuvutika, au gurudumu halishuki, usiendelee hata kidogo. Mpelekee fundi wa kamera au fundi saa mzuri, kwani tatizo lililoanza kwa pini kutokaa sawa hugeuka kuwa kazi ya kubadilisha vipuri pale tu mwenye kamera anapoamua kulazimisha. Tangu sasa utaratibu wako uwe mmoja: koki kwanza, kasi baadaye, kila mara, hata kama unaichezea tu bila mkanda.

Inafaa ujue pia ni kitu gani ulichorithi. Mwaka 1934, huko Kharkiv nchini Ukraine, jumuiya ya kazi iliyolea watoto waliokosa wazazi ilianza kutengeneza kwa wingi kamera iliyoitwa FED, iliyonakili Leica ya Ujerumani. Baada ya vita kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kilisaidia kuitengeneza, na kuanzia 1948 kikatoa kamera zake chenyewe kwa jina la Zorki. Zorki-4 ilitengenezwa hapo kati ya 1956 na 1973, na idadi yake ilizidi milioni 1.7, ndiyo maana vipuri na mafundi wanaoifahamu bado wanapatikana duniani. Tazama namba iliyochongwa nyuma ya kamera yako na ile iliyo kwenye pete ya mbele ya lenzi: kwa kawaida tarakimu mbili za mwanzo ni za mwaka, hivyo namba inayoanza na 64 huashiria 1964. Lenzi ya Jupiter-8, ya milimita 50 yenye uwazi wa f/2 (namba ya f hutaja ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), imetokana na Sonnar, lenzi iliyobuniwa na Ludwig Bertele kwa kampuni ya Zeiss, ambayo Wasovieti waliichukua pamoja na mitambo mingine baada ya kuishinda Ujerumani. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora kuliko zote katika urithi wako. Katika f/2 picha zake ni laini, na katika f/5.6 ni kali kabisa.

Kabla ya kununua mkanda, ichunguze kamera ikiwa tupu. Zungusha vifungo viwili vilivyo chini, kisha mgongo wote utoke pamoja na kitako. Hakikisha kigurudumu kinachopokea mkanda kipo, kwa sababu katika kamera nyingi za aina hii kinachomoka na hupotea kwa urahisi, na bila hicho hutaweza kupiga hata picha moja. Fungua lenzi kwa kuizungusha kinyume cha saa, kisha ingia chumba chenye giza na umulike tochi kali upande wa lenzi huku ukitazama mapazia kutoka nyuma. Ukiona nukta za mwanga kama nyota, kitambaa kimetoboka. Matundu machache huzibwa na fundi kwa rangi nyeusi inayonyumbuka. Kitambaa kilichokakamaa na kupasuka hakina budi kubadilishwa.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaifikirii, na ambayo kwa jua letu ni kubwa. Kamera yenye kioo ndani hukinga pazia kwa kile kioo, lakini Zorki haina kioo, na lenzi yake ikielekezwa juani huku iko wazi hukusanya miale juu ya kitambaa na kukichoma. Usiiache mezani ikitazama juu mchana, wala usitembee nayo kifuani kwa muda mrefu ikikabili jua bila kifuniko. Kifuniko nacho kina mtego wake: kwa kuwa unachungulia kupitia dirisha lililo kando na si kupitia lenzi, utaona kila kitu vizuri hata kifuniko kikiwa bado mahali pake, na mkanda utatoka mtupu. Jizoeze kugusa mbele ya lenzi kwa kidole kila unapoinua kamera.

Lenzi nayo ielekeze kwenye dirisha lenye mwanga, fungua tundu lote na utazame ndani. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotambaa kama mizizi, hiyo ni kuvu, adui mkuu wa lenzi katika miji ya pwani. Ikiwa imeanza pembeni tu, picha hazitaathirika sana, lakini lenzi isafishwe mapema kabla kuvu haijaula utando wa kioo. Mfuko wa ngozi uliokuwa wa baba yako mdogo uhifadhi kama kumbukumbu, ila usiiweke kamera ndani yake tena, maana ngozi hufyonza unyevu na kuushikilia. Chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya silika vya kukausha unyevu, kitaitunza kamera vizuri zaidi, nawe uitoe mara kwa mara na kufyatua kila kasi ili grisi isigande. Usiihifadhi ikiwa imekokiwa, kwa sababu spring'i hukaa zikivutwa bure.

Jaribu pia kasi ndogo, za sekunde 1 hadi 1/15. Katika kamera iliyolala miaka mingi hizi ndizo huchelewa au hukwama njiani kwa sababu ya grisi iliyokauka. Zikisita, ziache, kasi za kuanzia 1/60 hadi 1/250 zinatosha kwa karibu kila kitu utakachopiga mchana. Kile kiwiko cha mbele cha kujipigia picha mwenyewe usikiguse, kwani kikikwama katikati huweza kuizuia shata nzima. Na tafadhali, usipulize mafuta yoyote ndani. Mafuta ya kupuliza husambaa mpaka kwenye mapazia na kwenye vioo, na hapo gharama ya kuisafisha itapita thamani ya kamera.

Kukoleza picha, yaani kurekebisha umbali ili itoke kali, katika Zorki-4 ni jambo la kupendeza ukishalizoea. Katikati ya dirisha kuna doa lenye rangi hafifu ambamo utaona kitu kimoja kikiwa viwili. Zungusha pete ya umbali mpaka viwili viwe kimoja. Chini ya gurudumu la kurudishia mkanda kuna kiwiko kidogo kinachorekebisha dirisha lenyewe kulingana na macho yako, nacho ukirekebishe kabla ya kulaumu kamera kwamba inaona ukungu. Ukivaa miwani, bandika kipande cha ngozi au mpira kuzunguka ukingo wa dirisha, kwa kuwa ni chuma tupu na hukwaruza vioo. Kisha simama ufukweni, weka pete kwenye alama ya umbali usio na kikomo, na utazame meli iliyo mbali: ikiwa bado inaonekana meli mbili, kipima umbali kimehama na fundi anaweza kukirekebisha kwa skrubu. Umbali mfupi kabisa wa Jupiter-8 ni mita 1, na ukiwa karibu hivyo kumbuka kwamba lenzi na dirisha havitazami kutoka mahali pamoja, kwa hiyo usikate picha karibu na utosi wa mtu.

Sasa mwanga, ambao ndio uliokutia wasiwasi zaidi. Kutokuwa na kipimo si upungufu mkubwa kama unavyodhani, hasa kwetu ambako jua la mchana ni lilelile siku hadi siku. Kanuni ya kale ya wapiga picha yasema hivi: jua likiwaka bila wingu, weka tundu kwenye f/16 na kasi iliyo karibu zaidi na namba ya wepesi wa mkanda (ISO, yaani jinsi mkanda unavyouhisi mwanga upesi). Kwa mkanda wa ISO 100, basi, ni f/16 na 1/125. Kwenye mchanga mweupe au majini, ambako mwanga hurudi kutoka chini, nenda f/22. Wingu jepesi likipita, vivuli vikaanza kufifia kingo, f/11. Mawingu ya kawaida yasiyoacha kivuli, f/8. Mawingu mazito ya masika, f/5.6. Mtu aliyeketi kivulini barazani huku anga likiwa wazi mbele yake, f/4. Utaona kwamba kinachosomwa ni kivuli zaidi kuliko jua: kivuli chenye kingo kali, kivuli hafifu, kivuli kisichokuwepo. Baada ya mikanda michache jicho lako litakuwa linasoma bila kujiuliza.

Kila hatua ya tundu hulingana na hatua moja ya kasi, hivyo f/16 kwa 1/125, f/11 kwa 1/250 na f/8 kwa 1/500 vyote hupeleka mwanga uleule kwenye mkanda. Ukitaka mandhari yaliyo wazi kutoka karibu hadi mbali, chagua tundu dogo: ukiweka umbali wa mita 5 na f/16, kila kitu kuanzia takriban mita 2.5 hadi mbali sana kitakuwa kikali, na utaweza kupiga watu wa sokoni bila kugusa pete ya umbali. Ukitaka uso wa mtu ujitenge na yaliyo nyuma yake, fungua tundu na uongeze kasi. Sikushauri utegemee 1/1000 katika kamera ya umri huu; spring'i zilizochoka mara chache huifikia. Kwa hiyo ukitumia mkanda wa ISO 400 kama Ilford HP5 Plus juani, ni afadhali uweke f/16 na 1/250 na kukubali mwanga uliozidi kidogo, jambo ambalo mkanda huo hulivumilia bila shida.

Kuhusu uvumilivu huo nina jambo ninalolisisitiza sana, kwa sababu vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa kwa ajili ya nyuso nyeupe na jua la kaskazini. Saa sita mchana jua letu liko utosini, na macho ya mtu hufichwa na kivuli cha paji lake la uso, sembuse akiwa amevaa kofia au mtandio. Ukifuata f/16 kikamilifu, kanzu yake nyeupe itatoka vizuri na uso wake mweusi utazama gizani. Fungua hatua moja, yaani f/11 kwa kasi ileile, na kama uso wote uko kivulini fungua mbili. Mkanda wa negativu, ambao juu yake penye mwanga hutoka peusi, hustahimili mwanga mwingi kuliko upungufu wa mwanga. Kisichoandikwa katika vivuli hakuna dawa itakayokileta baadaye. Afadhali zaidi, piga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa limeinama.

Iwapo ndani ya mfuko utakuta na kipimo cha mwanga cha Kisovieti kama Leningrad, kijaribu, maana kinatumia seleniamu na hakihitaji betri. Namba zake huenda ni za GOST, kipimo cha Kisovieti cha wepesi wa mkanda, ambazo hadi 1987 zilikuwa chini kidogo ya hizi za leo: GOST 90 ni sawa na ISO 100, na 180 ni sawa na 200. Kilinganishe na kanuni niliyokupa wakati wa jua kali. Kikitofautiana nayo sana, amini kanuni.

Kuweka mkanda hakuhitaji giza, kivuli kinatosha. Ingiza ncha ya mkanda katika kigurudumu cha kupokelea, hakikisha matundu ya kingo zote mbili yameshika meno ya gurudumu la katikati, vuta mara moja ukitazama, kisha rudisha mgongo na ukaze vifungo vyote viwili. Zungusha gurudumu la kurudishia polepole mpaka mkanda uliolegea ukaze, halafu vuta na kufyatua mara mbili, nalo likizunguka unapovuta ujue mkanda unakwenda kweli. Kihesabio cha picha ukirudishe sifuri kwa mkono. Wakati wa kupiga, shika mpangilio uleule: vuta, weka kasi, koleza, kisha angalia tundu mwisho kabisa, kwa kuwa pete ya tundu ya Jupiter-8 haina vituo vinavyoshika na kidole huihamisha bila kujua. Mkanda ukifika mwisho utakataa kuvutika. Usiulazimishe, utachanika. Geuza pete inayozunguka kifyatulio ili meno yaachie, inua gurudumu la kurudishia na ulizungushe kufuata mshale mpaka usikie mkanda umejichomoa. Usisahau kuirudisha pete hiyo kabla ya mkanda mwingine.

Kwa mkanda wa kwanza nakushauri uchukue mweusi na mweupe, kwa sababu unaweza kuusafisha mwenyewe nyumbani. HP5 Plus katika dawa ya D-76 iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa huhitaji kama dakika 11 kwenye nyuzi joto 20 za selsiasi. Maji ya bomba ya Tanga huwa na joto kupita hapo kwa muda mwingi wa mwaka, hivyo weka chupa za dawa ndani ya beseni lenye barafu, au ukubali nyuzi 24 na upunguze muda hadi takriban dakika 8. Usishuke chini ya dakika 5, kwani dawa haitapata nafasi ya kuenea sawasawa. Jambo linaloharibu mikanda zaidi ni kuruka ghafla kutoka dawa ya baridi kwenda maji ya moto, basi dawa zote na maji ya kusuuzia viwe katika joto linalokaribiana. Mkanda wa rangi husafishwa kwenye nyuzi 38, na kwake hali ya hewa yetu si kikwazo, lakini dawa zake ni ghali zaidi na huharibika mapema.

Ukishakauka, usikimbilie kutazama picha nzuri. Usome mkanda wote kwanza. Doa jeusi la duara linalorudi mahali palepale katika kila fremu ni tundu la pazia ulilolikosa kwa tochi. Fremu iliyo nyeusi upande mmoja na hafifu upande mwingine, tena katika kasi kubwa tu, inaonyesha kwamba mapazia hayakimbii sawa, na hapo kaa kwenye 1/125 mpaka fundi azirekebishe spring'i. Fremu zinazopandana ni hitilafu ya mtambo wa kuvuta. Na ikiwa uso uliokusudia una ukungu ilhali ukuta wa nyuma uko wazi, rudi ufukweni kwenye ile meli ukapime tena kipima umbali. Andika katika daftari kasi, tundu na hali ya jua kwa kila picha ya mkanda huo, kwa sababu bila maandishi hayo hutaweza kutofautisha kosa la mkono na kosa la kamera. Ukiona jambo ambalo sikulitaja, niletee negativu yenyewe pamoja na daftari hilo, nami nitakuambia kilichotokea.